Kulala Ukiwa na Kufuli Mkononi: Utangulizi

Kijitabu hiki nimekiandika nikiwafikiria vijana wa Ngagara, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura ambao wazee bado wanauita OCAF, kwa jina la shirika la Kibelgiji lililoujenga. Wengi wao wana simu ya Android, na ndani ya kila simu ya Android mna kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wake, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mjini Helsinki mwaka 1991. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi wa Ngagara anasoma mistari ileile anayoisoma mhandisi wa California, wala haombi ruhusa ya mtu. Nataka kuwakaribisha kwenye kona moja ya msimbo huo ambako mgeni mwenye subira anaweza kufanya kazi ya kweli mapema: kusaka na kurekebisha miito ya kulala iliyowekwa mahali pa hatari.

Ndani ya kerneli, kulala ni jambo jema. Kazi inayongoja diski imletee data, au inayongoja kumbukumbu ipatikane, huiachia prosesa ili wengine waitumie, kisha huamshwa zamu yake ikifika. Lakini kuna mahali ambapo kulala ni marufuku kabisa: msimbo unapohudumia katizo la kifaa, na msimbo unaposhika kufuli la kuzunguka, lile linaloshikwa kwa spin_lock.

Fikiria ua wenye wapangaji wengi na bafu moja. Mpangaji mmoja ameingia, amejifungia kwa ndani, kisha usingizi ukamchukua. Majirani hawakai chini kungoja. Sheria ya ua huu ni kwamba anayengoja asimame mlangoni akinyonga kitasa bila kupumzika, asipike wala asifue. Na kama mtu pekee anayeweza kumwamsha aliyelala yuko pia kwenye foleni hiyo, ua mzima umekwama. Hivyo ndivyo simu inavyoganda: prosesa inazunguka ikiulizia kufuli, na mwenye kufuli hapewi nafasi ya kuamka alifungue.

Mtu atauliza, mbona kosa la wazi namna hii linaachwa? Kwa sababu si la wazi. Anayeshika kufuli haandiki kwamba analala. Anaita funksheni, nayo inaita nyingine, na ya tatu, katika faili jingine lililoandikwa na mtu mwingine, inaomba kumbukumbu kwa alama ya GFP_KERNEL. Alama hiyo inaruhusu mwombaji alazwe iwapo kumbukumbu imepungua. Kwenye kompyuta ya mwandishi, yenye kumbukumbu tele, ombi hujibiwa papo hapo na hakuna anayelala. Mwaka unapita, kila kitu kinaonekana sawa. Kosa linakuja kuonekana kwenye simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu finyu. Ndiyo maana nasema jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengi: mashine zetu ndizo zinazofika kwenye hali ambazo maabara za matajiri hazifiki.

Sura ya pili ya tatizo ni kulala na kukosa mwamsho. Msimbo unakagua kama kifaa kiko tayari, unakuta bado, unaamua kulala. Katikati ya ukaguzi na usingizi, kifaa kinatoa ishara yake. Ishara haimkuti yeyote kwenye foleni, na kazi inalala bila wa kuiamsha. Funksheni ya zamani sleep_on na ndugu zake zilibeba udhaifu huu kwa miaka mingi. Zilivumilika kwa kuwa mara nyingi ziliitwa chini ya kufuli kuu la kerneli, lililoingia na toleo la 2.0 mwaka 1996. Kufuli hilo lilipoondolewa mwaka 2011, kisingizio nacho kiliondoka. Arnd Bergmann, aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya kuling'oa, ndiye pia aliyewafuata watumiaji wa sleep_on waliobaki, hadi familia hiyo ikafutwa katika toleo la 3.15 mwaka 2014. Mbadala wake, wait_event, hujiandikisha kwanza kwenye foleni, kisha hukagua sharti, ndipo hulala. Tofauti ni mpangilio tu wa hatua, na mpangilio huo ndio kila kitu.

Zana za kuwasaka wakosaji zipo, na ni za bure. Kerneli ikijengwa na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, kila funksheni yenye might_sleep hupiga kelele ikiitwa mahali pasiporuhusiwa, hata kama safari hiyo haikulala. Coccinelle, iliyotoka Ufaransa kwa Julia Lawall na wenzake, husoma msimbo bila kuuendesha na kutafuta miundo yenye makosa. Mwaka 2018, Jia-Ju Bai, Lawall na wenzao walitoa DSAC, zana iliyogundua makosa mapya 401 ya aina hii katika Linux, FreeBSD na NetBSD; 272 yalithibitishwa na wasimamizi wa msimbo. Mifumo hiyo ilikuwa imesomwa na wataalamu kwa miongo.

Katika kurekebisha, msikimbilie njia nyepesi. Kubadilisha GFP_KERNEL kuwa GFP_ATOMIC, alama isiyoruhusu kulala, kunanyamazisha onyo, lakini ombi la namna hiyo hushindwa kwa urahisi zaidi, na anayelitumia lazima awe na la kufanya likishindwa. Kubadilisha msleep, inayongoja kwa kulala, kuwa mdelay, inayongoja kwa kuzunguka, kunachoma prosesa bure. Mimi napendelea kuuhamisha mwito nje ya kufuli, na kama haiwezekani, kuuliza kama kufuli lenyewe lingeweza kuwa mutex, aina ya kufuli inayoruhusu kulala, ilimradi haishikwi ndani ya katizo. Jueni pia kwamba kanuni hazijaganda: tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024, PREEMPT_RT, hali ya kerneli kwa kazi za muda halisi, imo ndani ya Linux, na ukiiwasha, spin_lock ya kawaida inageuka kuwa kufuli linaloweza kulala.

Anzeni hivi. Kompyuta ya zamani inatosha, kwa kuwa QEMU, programu inayoigiza kompyuta, itawapa mashine ya kuharibu bila hasara. Jengeni kerneli yenye ukaguzi niliotaja, andikeni moduli ndogo inayoshika kufuli la kuzunguka kisha inaita msleep, na msome onyo lote, mstari kwa mstari, mpaka mjue kila funksheni iliyopitiwa. Kisha ingieni kwenye draiva za kweli. Mkipata kosa, scripts/get_maintainer.pl itawaambia ni nani wa kumpelekea kiraka. Pelekeni, na mtie sahihi kwa majina yenu.