Siku ya Furaha Nayo Ina Walinzi Wake



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na mabishano yetu na matajiri. Leo tuzungumze juu ya siku ambayo mfanyakazi hayuko kazini. Amevaa shati safi, mama watoto amefunga chakula kwenye kikapu, watoto wameamka kabla ya jogoo, na wote wanakwenda kutembea. Siku kama hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Wako watu walioipigania. Tena wako wengine ambao, wakati wewe unacheka na wanao, wao wako kazini wakiilinda siku hiyo isigeuke kuwa ya kilio.

Tutachukua mfano wa Uingereza. Huko bustani za michezo ya mitambo zimekuwa desturi ya familia za wafanyakazi kwa zaidi ya miaka mia moja, na huko pia yametokea mambo ambayo kila mfanyakazi, awe wa Kampala, Jinja au Tororo, anaweza kujifunza kwayo.

WIKI MOJA BILA MSHAHARA

Katika jimbo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, palikuwa na viwanda vingi vya pamba. Kila mji ulikuwa na wiki yake ya mapumziko wakati wa kiangazi. Wiki hiyo viwanda vilifungwa, mafundi wakapata nafasi ya kusafisha na kutengeneza mitambo, na karibu mji mzima ukapanda treni kwenda pwani. Wengi walikwenda Blackpool, mji uliofikiwa na reli mwaka 1846. Mwaka 1894 ulifunguliwa hapo mnara wa chuma wenye urefu wa mita 158, na mwaka 1896 ikaanzishwa bustani ya michezo iitwayo Pleasure Beach.

Lakini wiki ile haikuwa na malipo. Kiwanda kikifungwa, na mshahara umefungwa. Kwa hiyo wafanyakazi waliunda vyama vya akiba. Kila wiki, mwaka mzima, mtu aliweka senti chache ili apate nauli, kodi ya chumba na peremende za watoto. Sisi tunaoishi kwa kuchangiana hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Familia ilirudi nyumbani na mchanga ndani ya viatu, mfukoni hamna kitu, na mshahara wa kwanza ulikuwa bado siku kadhaa mbele.

Vyama vya wafanyakazi vilidai kwamba mapumziko bila malipo ni adhabu iliyopewa jina zuri. Mwaka 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 52, unaotaka mfanyakazi apate angalau siku sita za likizo yenye malipo baada ya mwaka mmoja wa kazi. Mwaka 1938 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyoziwezesha bodi za mishahara kutoa wiki moja ya likizo yenye malipo. Kwetu Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Anayechukua likizo yake na kuwapeleka watoto kutembea haibi muda wa tajiri. Anatumia kilicho chake.

MASHINE YA BWANA MAXIM

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa Uganda atalisoma kwa macho mawili. Katika bustani ya Blackpool kuna mtambo wa vyombo vinavyoning'inia kwenye nyaya na kuzunguka hewani kama ndege. Uliwekwa mwaka 1904 na umewarusha watoto kwa zaidi ya miaka mia moja. Aliyeubuni ni Hiram Maxim.

Jina hilo tunalijua. Ndiye yule yule aliyebuni bunduki ya rashasha inayoitwa Maxim, ambayo Kapteni Lugard alikuja nayo Kampala mwaka 1890, na ambayo ilitumika katika vita vya Mengo mwezi wa Januari 1892. Mtu mmoja, ujuzi mmoja wa vyuma: huku watoto wanapiga kelele za furaha, kule watu wanaanguka. Mashine haina moyo. Itakuwa baraka au balaa kulingana na walioishika na amri waliyopewa.

TREN ISIYO NA INJINI

Watu wengi huvutiwa zaidi na yale magari ya reli yanayopanda kilima cha chuma na kuporomoka. Yako ya kupanda zaidi ya mita 60, na yako ya kupinduka kichwa chini miguu juu. Ukiyatazama utadhani yana injini kali. Mengi hayana. Mnyororo huyavuta hadi juu kabisa, kisha huyaachia. Kuanzia hapo uzito wake ndio unaoyakimbiza, kama baiskeli inayoteremka mlima. Kwa hiyo kama gari halikupata mwendo wa kutosha, au upepo mkali ukalizuia, linaweza kushindwa kupanda kilima kinachofuata na likakwama bondeni.

Ndiyo sababu reli ya mchezo hugawanywa katika sehemu. Wenzetu wa reli wanaujua mpango huu vizuri: sehemu moja, gari moja. Gari la nyuma haliruhusiwi kuingia mpaka la mbele liwe limetoka. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mtu wa breki kwa macho yake. Siku hizi hufanywa na kompyuta, ambayo husimamisha gari lolote linalotaka kuingia mahali penye gari jingine.

Pia utaona fimbo ya kupimia urefu mlangoni. Mtoto asiyeifikia hurudishwa, na wazazi wengine hukasirika. Fimbo hiyo haikuwekwa kwa kumwonea mtoto. Chuma kinachofungwa juu ya mapaja au kifua kimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani. Mwili mdogo unaweza kuchomoka.

WATOTO WATANO WA BATTERSEA

Tarehe 30 Mei 1972, katika bustani ya Battersea mjini London, gari la mchezo lilikuwa linavutwa kupanda kilima. Liliachana na kamba ya kulivuta, na breki ya kulizuia lisirudi nyuma haikushika. Likaporomoka kinyumenyume na kugonga. Watoto watano walikufa. Walikuwa wameletwa kucheza tu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, Uingereza ilipata sheria kubwa ya usalama na afya kazini. Jambo moja muhimu ndani ya sheria hiyo ni kwamba mwajiri hawajibiki kwa wafanyakazi wake peke yao. Anawajibika pia kwa watu wengine wanaoweza kudhurika na kazi yake: mpita njia, mteja, mtoto aliyekata tikiti. Kisha kanuni za mwaka 1977 zikavipa vyama vya wafanyakazi vinavyotambuliwa haki ya kuteua wajumbe wa usalama, wenye ruhusa ya kukagua mahali pa kazi na kuchunguza ajali. Usalama ukaacha kuwa hisani ya tajiri.

SIKU YA JUMANNE, SAA NANE MCHANA

Hata hivyo, sheria iliyo kabatini haishiki breki. Tunafika sasa kwenye bustani ya Alton Towers, katika jimbo la Staffordshire. Mwaka 2013 palifunguliwa hapo gari la mchezo liitwalo Smiler, maana yake mwenye kutabasamu. Linawapindua abiria mara 14 katika safari moja, na kwa hilo liliweka rekodi ya dunia.

Jumanne tarehe 2 Juni 2015 upepo ulikuwa mkali. Asubuhi magari manne yalikuwa yakizunguka. Baadaye likaongezwa la tano. Palikuwa na matatizo ya mtambo, mafundi wakaitwa, na gari tupu likatumwa kwa majaribio. Gari hilo halikumaliza mzunguko. Lilishindwa kupanda, likarudi bondeni na kukwama mahali ambapo mafundi hawakuliona.

Wakati huo gari jingine lenye abiria 16 lilikuwa limekwisha tumwa. Kompyuta ikalisimamisha, kwa maana ilijua kwamba mbele pana gari. Lakini mafundi walitazama, wakahesabu, wakaona magari yote yako salama. Hawakufahamu kwamba siku hiyo magari yalikuwa matano. Wakadhani kompyuta imekosea. Wakaupita ule mkingamo na kuliachia gari.

Ilikuwa karibu saa nane mchana. Gari lenye watu liligonga gari tupu. Wote 16 waliumia, na waliokaa safu ya mbele ndio walioumia zaidi. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Abiria walikaa juu, wameinama ndani ya vyuma vilivyobanana, kwa saa kadhaa mpaka waokoaji walipomaliza kuwashusha.

KOSA LA NANI?

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye somo. Mwezi wa Novemba mwaka huo kampuni yenye bustani ilitangaza kwamba ajali ilitokana na makosa ya kibinadamu. Maneno hayo tunayafahamu. Mashine ikikata kidole, mwendesha mashine alikuwa mzembe. Lori likipinduka, dereva alisinzia. Hakuna anayeuliza dereva alikuwa ameendesha kwa saa ngapi.

Wakaguzi wa serikali walichunguza, na mwezi wa Septemba 2016 shauri lilikwisha katika mahakama ya Stafford. Kampuni ilikiri kosa na ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Jaji hakukubali kwamba chanzo kilikuwa kosa la watu waliokuwa zamu. Alieleza kwamba ubaya ulikuwa katika kukosekana kwa utaratibu uliopangwa vizuri. Mafundi waliachwa watengeneze mtambo mgumu bila mwongozo wa kueleweka na bila mtu mmoja wa kusimamia kazi yote. Aliyeongeza gari la tano hakuwa na njia ya uhakika ya kuwafikishia habari wenzake. Na gari liliendeshwa katika upepo ambao, kwa maelezo yaliyotolewa mahakamani, ulizidi kiwango kilichowekwa na watengenezaji.

Ndugu zangu, mkono wa fundi ndio uliobonyeza. Hilo halifichwi, na naamini mafundi wale hawatalisahau mpaka kufa. Lakini mkono huo ulifika pale ukiwa umefungwa macho, na aliyetakiwa kuyafungua ni mwajiri.

HAKI YA KUSEMA "BADO"

Hata katika miji yetu, siku za Krismasi na Idi, watoto hupelekwa penye mabembea na vigari vinavyozungushwa kwa mtambo. Kijana mmoja hukaa kwenye swichi. Je, amefundishwa kazi hiyo, au jana alikuwa anakata tikiti? Je, kuna daftari la ukaguzi linaloandikwa kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa? Akisikia mlio asiouelewa, ana ruhusa ya kusimamisha, au atakatwa mshahara kwa kupoteza wateja?

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba maisha yake au afya yake iko hatarini asiadhibiwe isivyo haki. Kanuni hiyo tuipiganie kila mahali penye mtambo: kwenye kinu, kwenye gereji, kwenye bandari ya ziwa, na kwenye bembea. Zamu ikibadilika, anayetoka amwambie anayeingia ni magari mangapi yako njiani, na aandike. Mkingamo wa usalama usipitwe na mtu mmoja peke yake kwa kukisia.

Sisi nasi tunaokwenda kutembea tunalo la kufanya. Wewe ni mfanyakazi; siku ya mapumziko usigeuke tajiri. Mtambo ukisimamishwa ukiwa kwenye foleni, jua kali na watoto wanalia, usimtukane kijana wa swichi. Mtoto wako akirudishwa kwa kimo chake, usimtie mlinzi noti mkononi ili afumbe macho. Mvumilie mwenzako anapofanya kazi yake vizuri, kama unavyotaka wewe uvumiliwe kazini kwako.

Likizo ile ya wiki moja ilipatikana kwa sababu wafanyakazi waliungana na kusema wamechoka. Usalama wa likizo hiyo nao utapatikana kwa njia hiyo hiyo. Siku utakapompakia mwanao kwenye bembea na kumfunga mkanda, mtazame usoni yule anayeshika swichi. Kama amesimama wima na kusema, "Ngojeni kwanza, bado," mshukuru. Huyo ndiye anayekurudishia watoto wako nyumbani jioni.

Umoja ni nguvu.