Lugha na Siha ya Watoto wa Kimaori

Serikali ya Nyuzilandi ilipotunga sheria ya skuli za wenyeji, yaani Wamaori, mwaka 1867, ilishurutisha kwamba mafunzo yatolewe kwa Kiingereza kadiri iwezekanavyo. Na katika zama zilizofuata watoto wengi walichapwa kwa kusikika wakisema Kimaori katika uwanja wa skuli. Sir James Hēnare, mzee aliyekuwa na hadhi kubwa katika kaumu yake, alilieleza Baraza la Waitangi, linalosikiliza malalamiko ya Wamaori dhidi ya serikali, jinsi yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alivyotumwa mwituni kukata ufito wa kuchapiwa. Msomaji wa kwetu aliyevishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mamake hahitaji kufasiriwa kisa hiki.

Waama, madhara hayakuishia mgongoni. Wazazi wengi waliochapwa walijizuia kuwasemesha watoto wao Kimaori, wakidhani wanawaokoa, hata ilipofika miaka ya 1970 watoto waliokulia katika lugha hiyo walikuwa wachache mno, na bibi na mjukuu, ijapokuwa walilala nyumba moja, walipungukiwa na maneno ya kusemezana.

Mason Durie, Mmaori na tabibu wa maradhi ya nafsi, aliieleza siha ya binadamu, katika miaka ya 1980, kuwa ni nyumba yenye kuta nne: mwili, akili, roho na ahali, ukuta mmoja ukilegea, nyumba nzima huyumba. Lugha hakuitengea ukuta, na kwa maoni yangu haihitaji, maana dua huombwa kwayo, nasaba huhesabiwa kwayo, na mtoto anayelia hubembelezwa kwayo.

Mwezi wa Aprili 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha kōhanga reo, yaani kiota cha lugha, ambamo watoto wasiotimiza umri wa skuli hushinda pamoja na wazee wao, wakila, wakiimba, wakiomba na kulala, wala hawasikii ila Kimaori. Wazazi wenyewe ndio waendeshaji, na wengi wao, ambao lugha iliwapita utotoni, walijifunza sambamba na wana wao. Katika muda wa miaka mitatu vituo vilikuwa mamia. Mwaka 1985 ikafuata skuli ya msingi ya Kimaori huko Auckland, na mwaka 1987 Kimaori kikatangazwa lugha rasmi. Lakini lililo kubwa kuliko sheria, nionavyo mimi, ni kwamba mzee aliyechapwa kwa lugha yake aliitwa aje aifundishe.

Je, siha hunufaika kweli kwa lugha? Huko British Columbia, Kanada, utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulidhihirisha kwamba katika jamii za wenyeji ambamo angalau nusu ya watu waliweza kuzungumza lugha yao, vijana waliojiua walikuwa wachache sana kuliko kwingineko. Haifai kukimbilia kudai kuwa lugha peke yake ndiyo sababu, kwani jamii iliyohifadhi lugha aghalabu imehifadhi na mengine. Walakini si jambo la kupuuzwa.

Mwaka 2012 viota vya lugha vilifika mbele ya Baraza la Waitangi na malalamiko dhidi ya serikali, mojawapo likiwa ruzuku: vituo vyenye walimu wa shahada vilipewa zaidi, ilhali bibi aliyezaliwa na lugha yenyewe, asiye na shahada, hakuhesabiwa kuwa mwalimu.