Uwele, rovu na chumvi ya gulioni

Ndani ya uwele mna viteksini, kemikali iliyoshikana na sukari ya mmea kwa nguvu, hata moto wa chungu hauiachanishi kwa urahisi. Mwaka 1989 Eduardo Gaitan na wenzake, wakichunguza uwele wa Darfur, Sudan, walionyesha kuwa kemikali za jamii hiyo huizuia tezi ya shingo kutumia madini joto. Ndipo rovu hutokea. Nasema uwele, siyo ulezi wetu wa Ufipa! Tena mwenye kupata madini joto ya kutosha hana sababu ya kuukimbia. Kwa hiyo mama wa Milepa aitazame chumvi anayopimiwa gulioni: imetiwa madini joto? Akiiacha wazi juani, madini hayo hupungua. Mjamzito asipuuze, maana mtoto aliye tumboni akiyakosa, ubongo wake hudumaa.