Mwana wa Mchongaji Aende Chuo Kikuu?

Huko Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, penye shule na chuo cha ualimu cha Waadventista Wasabato, elimu ni jambo la heshima kubwa. Mzazi yu tayari kuuza ng'ombe ili mwanawe awe mwalimu, daktari au wakili. Lakini mtoto akisema kwamba ataka kwenda chuo kikuu kusoma sanaa, yaani kuchora, kuchonga na historia ya kazi hizo, nyumba nzima hunyamaza. Swali la baba ni la haki: yafaa nini kulipa karo ya miaka mingi kwa kazi ambayo watu wa Tabaka huifanya pasipo cheti chochote?

Tabaka si mbali na Kisii kwa gari. Huko ndiko lichimbwako lile jiwe laini lenye rangi nyeupe, ya waridi na ya kijivu. Wanaume hulichonga, na wanawake hulisugua kwa maji na msasa hata liteleze mkononi. Mtoto huupata ustadi huo kwa kuwatazama wazee wake, wala hapana profesa awezaye kumzidi mzee wa Tabaka katika kujua ni jiwe gani litapasuka na ni lipi litavumilia patasi. Kwa hiyo asemaye kwamba chuo ndicho kimpacho mchongaji mikono yake, huyo hajafika Tabaka.

Basi chuo humpa nini? Na tutazame habari za Bwana Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka. Alisoma sanaa Makerere, Uganda, kisha akaenda Chuo Kikuu cha McGill katika mji wa Montreal, Kanada. Sanamu yake ya jiwe, Ndege wa Amani, iliwekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris mwaka 1978. Ndege yule hujulikana kwa jina la aliyemchonga. Sanamu nyingi zitokazo Tabaka huenda kwa dalali bila jina, na zikifika ng'ambo huitwa kazi ya Kisii tu. Kitu kisicho na mwenyewe, bei yake hupangwa na mwingine.

Jambo hili si geni. Mwaka 1897 askari wa Kiingereza waliuteka mji wa Benin, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, wakachukua maelfu ya sanamu za shaba na pembe. Zikawekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na majina ya mafundi walio wengi hayakuandikwa. Mwanafunzi wa historia ya sanaa hufundishwa kuuliza mbele ya kila kazi: ni nani aliyeifanya, lini, kwa ajili ya nani, na ilifikaje hapa? Aliyezoea maswali hayo ni vigumu kuuza sanamu yake mwenyewe bila kutia sahihi.

Njia hiyo ilianza kufunguliwa zamani. Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Kampala katika miaka ya 1930, kwanza nyumbani kwake. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Gregory Maloba kutoka Mumias, ndiye aliyeifanya ile Nguzo ya Uhuru ya Kampala ya mwaka 1962, na baadaye akafundisha Nairobi. Siku hizi Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha sanaa, na kile cha Nairobi hufundisha usanifu wa michoro na vifaa. Katika mtaala mpya wa Kenya, mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu ni wa sanaa na michezo.

Kuhusu fedha, tusidanganyane. Ni wachache waishio kwa sanamu peke yake. Wengi hufundisha, huchora picha za vitabu na matangazo, au hufanya kazi katika makumbusho. Mshahara wa mwezi wa kwanza hautamfurahisha aliyeuza ng'ombe.

Mzazi wa Nyanchwa ambaye mwanawe yu karibu kuchagua mkondo, na ampeleke kwanza Tabaka wakati wa likizo, akiwa na daftari. Awaulize wazee ni nani waliowafundisha, ni vyombo gani vilivyochongwa kabla ya wageni kuanza kununua, na ni nani wa kwanza kuchonga tembo na twiga, kisha ayaandike majina yao.