Projekta ya slaidi kubwa: Unafuu wa bei usiunguze picha

WAPO wapiga picha, na hata familia, ambao hadi leo wamehifadhi masanduku ya slaidi za filamu ya 120, lakini hawana chombo cha kuzionyeshea. Projekta za kawaida za slaidi haziwezi kuzipokea.

Sababu ni ukubwa. Slaidi ya milimita 35 ina picha ya milimita 24 kwa 36, nayo hubanwa katika fremu ya sentimita 5 kwa 5. Picha ya filamu ya 120 iitwayo sita kwa sita ina takriban milimita 56 kila upande, na fremu yake ni sentimita 7 kwa 7. Eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ndogo. Kwa hiyo projekta yake huhitaji lenzi ndefu zaidi, aghalabu ya milimita 150, pamoja na vioo vipana vya kukusanya mwanga.

Mashine hizo hazikuwa na soko kubwa, na mpya zilikuwa ghali mno. Hata Kodak, iliyotamba kwa projekta za slaidi ndogo, iliacha kuzitengeneza mwaka 2004. Mwenye fedha kidogo hana budi kutafuta za mitumba, hususan zilizotengenezwa Ujerumani. Mojawapo ni Rollei P11 ya miaka ya 1960, inayopokea slaidi za sita kwa sita na za milimita 35. Mwenye picha za sita kwa saba asiinunue, kwani fremu zake ni za sentimita 8.5 kwa 8.5.

Hata hivyo, wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Slaidi haina negativu. Ni filamu ileile iliyokuwa ndani ya kamera. Ikiungua, picha imepotea.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe kwamba feni inazunguka na kwamba kioo cha kuzuia joto, kinachokaa kati ya balbu na slaidi, kipo na hakijapasuka. Achunguze pia kama lenzi ina ukungu, kama balbu ya aina hiyo bado inapatikana, na kama mashine inatumia volti 220 hadi 240. Iliyoundwa kwa volti 110 itahitaji transfoma. Jaribio la kwanza lifanywe kwa slaidi isiyo na thamani.

Asiyemudu gharama hizo anazo njia nyingine. Picha ya sita kwa sita yaweza kukatwa hadi sentimita 4 kwa 4 na kutiwa katika fremu ya sentimita 5, ikaonyeshwa kwa projekta nyingi za kawaida, ingawa kingo zake hupotea moja kwa moja. Meza ya mwanga na lenzi ya kukuzia ni nafuu zaidi, ila hutazama mtu mmoja tu kwa wakati.

Njia ya tatu ni kuskani na kutumia projekta ya kidijitali. Lakini yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 huonyesha picha ya mraba kwa pikseli zisizozidi milioni 1.2, ilhali skana ya nukta 2,400 kwa inchi huchota takriban milioni 28 kutoka slaidi hiyohiyo.

Vyovyote itakavyokuwa, skani itangulie. Mwanga wa projekta hufifisha rangi kidogo kidogo, na nakala iliyohifadhiwa ndiyo kinga pekee siku mashine itakapokorofisha.