Programu Zilizo Nje ya Daftari la Linux

Katika Debian, Ubuntu na mifumo mingine ya ukoo huo, programu nyingi huingizwa na msimamizi wa vifurushi: apt huvileta, dpkg huvisakinisha. Kila faili linalowekwa huandikwa katika orodha zilizomo kwenye folda ya /var/lib/dpkg/info. Ndiyo maana kifurushi huondolewa bila taabu, na kasoro ya usalama ikirekebishwa, marekebisho huja pamoja na masasisho ya kawaida.

Hata hivyo, baadhi ya programu hazimo katika hazina za mfumo, au zimo kwa toleo la zamani. Hapo mtumiaji hupakua msimbo chanzo, huujenga, kisha huamuru "make install". Kwa kawaida mafaili hunakiliwa penye /usr/local, eneo lililotengwa kwa kazi za mwenye kompyuta, na dpkg haina habari nayo. Programu kumi zikishachanganyika humo, ni vigumu kujua faili lipi ni la programu ipi. Tena, kwa kawaida mfumo hutafuta amri katika /usr/local/bin kabla ya /usr/bin. Toleo kuukuu lililosahauliwa humo huendelea kutumika hata kama apt imeleta jipya.

GNU Stow hutatua mchanganyiko huo kwa kuipa kila programu folda yake. Mathalani, GNU Hello hujengwa kwa kuelekezwa kwenye /usr/local/stow/hello-2.12, na mafaili yake yote hukaa humo. Kisha, ndani ya /usr/local/stow, amri "stow hello-2.12" hutengeneza viungo katika /usr/local/bin na kwingineko, vinavyoelekeza kwenye mafaili halisi. Kiungo chenyewe huonyesha kilikotoka. Programu isipohitajika tena, "stow -D hello-2.12" huondoa viungo, na folda hufutwa. Toleo jipya huwekwa kando ya la zamani; likileta hitilafu, kurudi nyuma ni kubadilisha viungo tu.

Lakini Stow hailindi usalama: haileti masasisho wala haitoi onyo. Jukumu hilo hubaki kwa aliyesakinisha. Kwa hiyo kwanza atazame kama apt ina toleo linalomfaa. Ikiwa haina, aandike jina la programu, toleo, mahali ilikopatikana na tarehe, na afuatilie matangazo ya watengenezaji wake. Asiyeweza kuifuatilia asiisakinishe.