Marais Wamepita, Chuo cha Mlimani Kingalipo

Mpenzi msomaji wa Kanoni, wewe unayeuza kahawa ili mtoto asome, huenda hujapata kufikiri kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho ni mwombaji. Chaomba fedha, walimu na majengo serikalini, na kila baada ya miaka anayeombwa hubadilika.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kwa masomo ya sheria. Siku zile Serikali ilikuwa kama baba yake. Lakini baba naye hukasirika. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewaachia asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakuu wa Chuo hawakukaa kungoja amri nyingine. Machi 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, Chuo chenyewe kiliitisha mkutano kujadili kazi yake katika nchi ya ujamaa.

Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Rais mwenyewe ndiye Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa kwanza, Bwana Pius Msekwa, alitoka kwenye ukatibu wa TANU. Kwa njia hiyo ombi lilifika upesi. Amri nayo ilifika upesi vilevile!

Mwalimu aling'atuka mwaka 1985. Mwaka 1990, zamani za Mzee Mwinyi, Chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya migomo. Mwaka uliofuata Profesa Matthew Luhanga akawa Makamu Mkuu, akadumu hadi 2006, chini ya Mwinyi, Mkapa na Kikwete. Aliwezaje? Kwa maoni yangu, lililosaidia zaidi ni karatasi. Mwaka 1994 Chuo kilianza mpango wa mageuzi ulioandikwa, na waziri mpya akija huukuta mezani. Hata katika chama cha msingi cha kahawa, mwenyekiti akiondoka daftari la mizani hubaki. Tena ukuu wa Chuo ulitoka mikononi mwa Rais aliye madarakani: alikuwako Balozi Paul Bomani, kisha Balozi Fulgence Kazaura, na mwaka 2016 Rais Magufuli akamteua mstaafu Kikwete.

Usidhani haya ni mambo ya Dar es Salaam tu. Mkopo anaopewa mtoto wako watokana na Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, si kwa hisani ya mtu. Na Machi 2021, Rais Magufuli alipofariki, Rais Samia akashika uongozi. Mwaka uo huo Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu, yaani mradi wa HEET. Kwa fedha za mradi huo Chuo kikaanza kujenga tawi mkoani kwetu Kagera, wilaya ya Bukoba. Kutoka Kanoni hadi Mlimani ni zaidi ya kilomita 1,000. Bukoba unaondoka asubuhi, unafika mchana.